Jinsi ya kuifanya hadhira imkubali simba mwenye miguu miwili: mwongozo kamili wa kuongoza tamthilia ya muziki

Kwenye tamthilia ya muziki, mtu aliyepigwa risasi huimba beti tatu kabla ya kukata roho. Wapenzi wanagombana barabarani, bendi isiyoonekana inaanza kupiga, na wapita njia wote wanacheza hatua zilezile bila hata mmoja kukosea. Hakuna mtazamaji anayesimama kulalamika kwamba maisha hayako hivyo. Watu wamelipa kiingilio, wametulia, na wengine wanafuta machozi.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuongoza onyesho la namna hiyo akiwa na ukumbi wa kuazima na fedha kidogo: mwalimu wa klabu ya maigizo, kiongozi wa vijana, kikundi cha mtaa. Mifano mingi nitaichukua New York na London, kwa sababu ndiko tamthilia hizi zilikokomaa, na mbinu zao bora ni rahisi kuliko zinavyoonekana. Msimamo wangu ni kwamba hadhira itakubali karibu chochote kisicho halisi, mradi ionyeshwe mapema mchezo unachezwaje na masharti hayo yalindwe hadi mwisho. Shakespeare alilijua hilo. Mwanzoni mwa mchezo wake Henry V, karibu mwaka 1599, alimtoa mtu mmoja mbele awaombe radhi watazamaji kwamba jukwaa dogo haliwezi kubeba vita vya Ufaransa, na awasihi kwamba farasi wakitajwa, wao wawaone. Msimulizi wa pwani naye hutaka kitu hichohicho anapoita "Paukwa!" na kungoja. Akishajibiwa "Pakawa!", sungura ana ruhusa ya kusema.

Ili hatua zisibaki hewani, nitabeba mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mchezo kuhusu familia inayoishi kando ya mto, na usiku mmoja mto unafurika.

Hatua ya 1: Andika sharti kuu kwa sentensi moja

Kabla ya kugawa nafasi za uigizaji, kaa na karatasi uandike ni kitu gani kikubwa kisicho halisi unachowaomba watu wakubali. Kiwe kimoja.

Mwongozaji Julie Taymor alipoipeleka The Lion King, hadithi ya simba na wanyama wenzake, Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwezi Novemba 1997, sharti lake lilikuwa kwamba utamwona mtu na utamwona mnyama kwa wakati mmoja. Kinyago cha Mufasa, simba mfalme, hakifuniki uso wa mwigizaji. Kinakaa juu ya kichwa chake. Unaona macho ya binadamu, na juu yake unaona uso wa simba. Hamilton, ya mwaka 2015, iliomba jambo jingine: waasisi wa Marekani wa karne ya 18 waigizwe na Wamarekani wa leo, wengi wao weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na mabishano ya baraza la mawaziri yawe mashindano ya kurap. Come From Away, iliyofika Broadway mwaka 2017, inasimulia siku ambazo ndege 38 zilielekezwa kutua Gander, mji mdogo wa Newfoundland nchini Kanada, baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001. Abiria walikuwa karibu 7,000. Waigizaji ni 12, na hao ndio wenyeji na ndio wageni.

Kwa mchezo wetu, sentensi ni hii: mto utaigizwa na kwaya. Hakutakuwa na maji, wala picha ya maji ukutani. Ukiona sentensi yako ina "na pia" mbili, punguza. Hadhira ikibebeshwa masharti matano kwa mara moja itatumia jioni nzima kuyakumbuka badala ya kumfuata mama na wanawe.

Hatua ya 2: Litoe sharti ndani ya dakika tano za kwanza, bila kulieleza

Mwanzo wa The Lion King unastahili kusomwa kama darasa. Rafiki, yule nyani mganga, anaita, peke yake, na sauti zinamjibu kutoka pembeni mwa ukumbi. Jua linachomoza, na ni vipande vya hariri vinavyopanda. Hakuna aliyejaribu kuficha kwamba ni kitambaa. Wanaingia twiga, na kila twiga ni mtu mmoja aliyesimama juu ya mironjo minne, miwili ya miguu na miwili ya mikono, shingo ndefu ikipanda kutoka kichwani pake. Kisha wanyama wanapita katikati ya viti vya watazamaji, akiwemo tembo ambaye kila mguu wake una mtu ndani. Mtazamaji anaweza kunyoosha mkono akamgusa. Wimbo unapokwisha, ukumbi mzima umeshajua mchezo unachezwaje, na hakuna mazungumzo yoyote yaliyofanyika.

Wimbo wenyewe unaanza kwa Kizulu, kazi ya Lebo M wa Soweto, Afrika Kusini. Watazamaji wengi wa New York hawajui neno hata moja la lugha hiyo na hakuna anayewatafsiria. Kwa hiyo usiogope kuacha wimbo wa Kidigo au wa Kihaya ubaki ulivyo ndani ya mchezo wa Kiswahili.

Sasa mto wetu. Kwaya inaingia kupitia katikati ya watazamaji, kwa nguo za kawaida, ikivumisha wimbo midomo ikiwa imefumbwa. Kila mmoja ana kitambaa cha buluu begani. Wakifika jukwaani wanavishusha kwa pamoja na kuanza kuvitikisa taratibu, mwendo wa nyonga na si wa viganja. Anaingia mama na ndoo. Anainama, anachota, na mwanakwaya aliye karibu anaachia kitambaa chake kiteleze ndani ya ndoo chote, taratibu. Mama anajitwika.

Hapo ndipo sharti linapokubalika au kukataliwa, na uamuzi uko shingoni mwa mwigizaji. Weka mchanga kilo tano ndani ya ndoo ile, chini kabisa. Maji si ya kweli, lakini uzito uwe wa kweli: shingo inyooke, mkono upande kushika ukingo, hatua zifupike. Kadiri kitu chenyewe kinavyokuwa cha kubuni, ndivyo mwili unavyotakiwa kuwa mkweli zaidi.

Na tafadhali, mshereheshaji asipande kusema "wale wenye buluu ni mto." Akisema hivyo, amewanyang'anya watu kazi waliyokuja kuifanya.

Hatua ya 3: Usimfiche anayeshika kikaragosi

Wengi wakitengeneza ndege, mtoto mchanga au nyoka wa jukwaani hutumia nguvu nyingi kumficha mshikaji nyuma ya pazia. Fanya kinyume chake. Katika bunraku, maigizo ya jadi ya vikaragosi ya Japani, washikaji wako mbele ya macho ya watu, na baada ya muda mfupi hakuna anayewatazama. Timon, mnyama mdogo mchekeshaji wa The Lion King, ana mwigizaji mzima aliyevaa kijani amesimama nyuma yake. War Horse ya National Theatre ya London, mwaka 2007, ni mchezo wenye nyimbo ndani yake ingawa hauitwi tamthilia ya muziki, na farasi wake walitengenezwa na Handspring Puppet Company ya Cape Town. Joey, farasi mkuu, anaendeshwa na watu watatu, na unawaona wote. Kinachomfanya awe hai ni pumzi: hata akiwa amesimama tu, kifua chake kinapanda na kushuka.

Zoezi hili lifanyeni siku ya kwanza ya mazoezi. Kunja kanga iwe kichanga, mpe mwigizaji, na umwambie asifanye lolote ila kukipumulisha. Inua kidogo, shusha kidogo, na yeye mwenyewe avute pumzi kwa mapigo hayohayo. Kaeni hivyo dakika nzima. Kisha macho: mshikaji akitazama hadhira, hadhira inamtazama yeye, akimtazama mtoto, wote wanamtazama mtoto. Mwisho, muache mtu mwingine ampokee. Ukiona mikono ya anayepokea inatangulia chini ya kichwa cha kile kitambaa bila kuambiwa, zoezi limefanikiwa.

Hatua ya 4: Amua kwa nini wanaimba, na nani anasikia

Hii ndiyo hatua ambayo maonyesho mengi huvunjikia, nami nitakaa hapa kidogo.

Nyimbo za jukwaani ni za namna mbili. Kuna zile ambazo wahusika wenyewe wanajua kwamba wanaimba. Cabaret, ya mwaka 1966, ina kilabu cha usiku cha Berlin, na nyimbo zake nyingi ni burudani ya kilabu hicho. Sarafina! ya Mbongeni Ngema, iliyoanzia Market Theatre ya Johannesburg mwaka 1987, inahusu wanafunzi wa Soweto, na wanafunzi wa Soweto waliimba kweli, mazikoni na kwenye maandamano. Nyimbo za namna hii hazimwombi mtazamaji mengi. Namna ya pili ni ile ambayo mhusika anaimba, lakini katika ulimwengu wake anaongea au anawaza tu. Wenzake hawashangai kwa sababu kwao hakuna wimbo. Hapo ndipo unapoomba imani kubwa.

Pitia maandishi yako na uandike kando ya kila wimbo ni wa namna gani. Kisha utofautishe kwa macho. Katika mchezo wetu, wimbo wa harusi wanausikia wote, kwa hiyo wote wapige makofi na vigelegele. Wimbo wa mama usiku wa mafuriko hausikiwi na mtu, kwa hiyo watoto waendelee kulala, na mumewe aendelee kushona wavu bila kuinua kichwa. Mume akigeuka kumtazama mkewe anavyoimba vizuri, sharti limevunjika.

Kuingia wimboni kuna ufundi wake. Kosa la kawaida ni mwigizaji kumaliza sentensi, kutembea hadi katikati mbele, kusimama, na kungoja ala zianze. Hadhira inaona mlango unafunguliwa kati ya kuongea na kuimba, na inapata nafasi ya kujiuliza. Fanya hivi: gitaa au kinanda kianze chini kabisa sentensi tatu kabla, wakati mama bado anaongea. Maneno yake yaanze kufuata mapigo bila yeye kuonekana anafanya hivyo. Mstari wa kwanza wa wimbo aukaribishe na sauti ya mazungumzo, karibu kama anasema. Sauti kamili ije mstari wa pili au wa tatu. Taa zibadilike baada ya sauti, kamwe zisiitangulie.

Mkitumia muziki uliorekodiwa, mwombe anayeurekodi aache mwanzo mrefu wa ala peke yake, ili fundi mitambo aufungulie chini ya mazungumzo na kuupandisha polepole.

Na wimbo uanze pale tu maneno ya kawaida yanapomshinda mhusika. Kama mama anaweza kusema "maji yanapanda, amkeni" na mambo yakaendelea, asiimbe. Aimbe akijua kwamba ana mikono miwili na watoto watatu.

Hatua ya 5: Jenga mahali kwa viti na miili

Come From Away inategemea meza na viti visivyofanana. Viti vikipangwa mistari miwili vinakuwa ndege. Vikigeuzwa vinakuwa basi, kisha baa. Siri haiko kwenye viti. Iko kwenye waigizaji kuyumba pamoja, kwa pembe moja na kwa sekunde moja, basi linapokata kona. Wafundishe wako hivyohivyo: viti vya plastiki, dereva mbele, mmoja ahesabu, wote walale kushoto. Mmoja akichelewa, basi limekufa. Rudieni mpaka asiwepo anayehitaji kuhesabiwa.

Kwa mambo makubwa, acha mtu atulie na uusogeze ulimwengu. Katika Les Misérables ilivyoonyeshwa London kuanzia mwaka 1985, Javert, mkaguzi wa polisi, anajirusha kutoka darajani, na badala ya yeye kushuka, daraja ndilo linalopaa kwenda juu. Macho yanaona mtu anaanguka. Huhitaji mashine kwa hilo. Watu wawili wakishika ufito mrefu mbele ya mtoto, uwe ukingo wa daraja la kijiji, na ghafla wakauinua juu ya vichwa vyao huku yeye akichuchumaa taratibu na mikono yake ikipanda, ameanguka mtoni. Kwaya imfunike kwa vitambaa, na atoke nyuma yao.

Muda nao unaweza kugeuzwa. Hamilton ina sherehe ya harusi ambamo shemeji wa bwana harusi anatoa salamu zake, kisha kila kitu kinarudi nyuma, waigizaji wakirudi hatua zao kinyume, hadi usiku alipokutana na mwanamume huyo kwa mara ya kwanza. Wana jukwaa linalozunguka. Ninyi mtatembea kinyumenyume, na itatosha, mradi hatua za kurudi ziwe zilezile za kwenda. Zifanyieni mazoezi kwa mwendo wa kobe kabla ya kuongeza kasi, maana watu huanguka.

Mwigizaji mmoja kucheza watu wawili ni jambo la kawaida. Katika Hamilton aliyekuwa Lafayette sehemu ya kwanza anarudi sehemu ya pili akiwa Jefferson. Mpe kila mhusika kitu kimoja tu cha kumtambulisha, kofia au shuka, na namna yake ya kusimama. Abadilishe mbele ya watu, na kofia ining'inie mahali inapoonekana muda wote.

Hatua ya 6: Teua mlinzi wa masharti

Mpe mtu mmoja daftari. Kazi yake ni kuandika kila kilichokubaliwa: mlango usioonekana uko wapi na unafunguka upande gani, mto unaanzia kiti gani, kofia ya bluu ni ya nani. Mlango wa kubuni ukifunguliwa na baba, kisha mtoto akapita palepale kama pako wazi, ukumbi mzima unaona. Watu wanaweza kusamehe nyumba isiyo na kuta, lakini ukuta unaopitika mara moja na usiopitika mara nyingine unawatoa ndani ya hadithi.

Jihadhari hasa na kitu halisi kinachoingia kwa bahati mbaya. Mto wetu ni kwaya. Daktari akija tukio la tatu akafungua chupa ya maji ya dukani na kunywa, ameua mto. Mpe kikombe kitupu, au akose kunywa kabisa. Simu ya mkononi halisi iliyo mkononi mwa mtu ambaye nyumba yake ni ya kubuni ina madhara yaleyale.

Hatua ya 7: Usishindane na sinema

Taymor huyohuyo wa The Lion King alianza kuongoza Spider-Man: Turn Off the Dark, iliyogharimu takriban dola milioni 75 za Marekani. Watu walirushwa kwa nyaya juu ya vichwa vya watazamaji. Maonyesho ya majaribio yalianza Novemba 2010, la kwanza lilisimama mara kadhaa kwa hitilafu za mitambo, waigizaji wakaumia, Taymor akaondolewa mwaka 2011 kabla ya uzinduzi rasmi wa mwezi Juni, na onyesho likafungwa Januari 2014. Sababu zilikuwa nyingi. Kwa maoni yangu, moja ilikuwa kwamba hadhira iliombwa iamini mtu anaruka kweli, na ukiombwa hivyo unaanza kutafuta waya. Twiga wa mironjo hajawahi kumwomba mtu aamini kwamba ni twiga wa Serengeti, na mwaka mzima ukumbi wake unajaa.

Kwa hiyo ukipata mfadhili anayetaka kununua mashine ya moshi na projekta ya kuonyesha mafuriko, mshukuru na umwombe nauli za waigizaji.

Hatua ya 8: Jaribu kwa mtu asiyejua hadithi

Wiki mbili kabla, waalike watu wachache ambao hawajasoma maandishi, wakiwemo watoto wa miaka saba au minane. Usiwaulize kama wamependa, kwa sababu watakuambia ndiyo. Waulize waliona nini. "Wale wa buluu walikuwa akina nani?" Mtoto akijibu "mto, halafu ulikasirika," endelea na kazi. Akijibu "kwaya ya kanisani," rudi hatua ya 2. Tatizo halitakuwa mwisho wa mchezo, litakuwa kwenye ile ndoo. Waangalie pia wakiwa wametulia: mahali wanapoanza kuongea wao kwa wao ndipo sharti fulani limevunjwa, na mara nyingi utalikuta kwenye daftari la mlinzi.

Siku yenyewe

Mambo yataharibika. Kinyago kitadondoka. Aliyekidondosha akiokote kama mnyama angeokota, kwa uzito na mwendo wa mnyama, akirudishe na kuendelea. Akicheka kidogo au akitazama pembeni kumtafuta mwongozaji, ukumbi utacheka naye na itachukua muda kuurudisha.

Umeme ukikatika, mlio katika maonyesho ya namna hii mna bahati kuliko wengine, kwa kuwa mto wenu hauhitaji umeme. Kubalianeni mapema: taa zikizimika, kwaya isinyamaze hata pumzi moja, irudi kwenye mvumo wa mwanzo, na waliokaa pembeni wawashe tochi au taa za sola zilizowekwa tayari chini ya viti vya mstari wa mbele, zikimulika kutoka chini kwenda juu. Vivuli vya vitambaa vitapanda ukutani. Mama aendelee alipoishia.